Epsilon ya Mama Adelaïde

Jumapili, tarehe 6 mwezi wa tatu

Papa amesema ndiyo! Hapana — hajasema ndiyo. Amesema kitu ingine kabisa, njo maana naandika, juu nikiendelea kukamata hii kicheko mu tumbo nitapasuka.

Gisa alikuya kisha misa. Peke yake, viatu safi, pikipiki ameiacha chini ku barabara. Alikunywa maziwa yote ya kopo bila kupumzika. Kiisha akasema baba yake anataka kukuya na bandugu kuniomba, na anauliza siku. Mama akaangalia chini sawa hasikii. Lakini niliona mabega yake inatetemeka.

Papa akanyamaza. Papa yangu, Hakorimana, alifundishaka hesabu mu sekondari miaka makumi tatu na moya. Sasa ameacha kazi, iko na retraite na mashamba ya maharagi, lakini kunyamaza kwake iko bado ya mwalimu. Akauliza: ulisoma section gani? Vétérinaire, Papa, ya kutibu ngombe. Mulifika ku limite? Gisa akafikiri ni mupaka ya shamba, si limite ya hesabu! Akajibu: ndiyo Papa, na bajirani hatuna neno hata moya.

Nilitoka inje kucheka ndani ya kitambaa.

Niliporudia Papa alikuwa anasema: ngombe, baba yako atatoa. Wewe mwenyewe unaniletea nini? Mukuye tarehe 26. Lakini mbele bazee baongee, utasimama hapa unielezee limite ni nini, na fonction continue ni nini. Si kukariri. Kuelezea. Mutu mwenye hajue kuelezea kitu, siku moya atamupiga bibi yake juu ya kukosa maneno.

Ku barabara Gisa aliniuliza: "Nyira, papa yako anachekaka?"

"Hapana."

"Basi tumeisha."

Nikamuambia nitamufundisha mimi. Alifurahi sana! Akawasha pikipiki, akaenda. Nilikumbuka kitu moya tu alipofika ku kona: mimi sijui limite. Mimi nilisoma coupe-couture, kukata na kushona manguo.

Jumatatu, tarehe 7 mwezi wa tatu

Nimeiba. Mu malle, ile sanduku ya Papa, chini ya koti yake ya ndoa: daftari ya cours yake ya hesabu, maandiko yake ya ujana, wino ya bleu yenye imekuwa kama maji. Nimeificha ku fromagerie, fasi natengenezeaka jibini, nyuma ya moules, vile vyombo vyake. Kule anaingiaka tu mimi na harufu.

Jumatano, tarehe 9 mwezi wa tatu

Sielewi kitu! Kitu! «Kwa kila epsilon kubwa kupita zero, kuko delta...» Hiyo si hesabu, ni mutu anaapiza mwenzake. Nimesoma ukurasa moya mara kumi. Maziwa karibu imwangike.

Lakini nimeona kitu. Pembeni ya ukurasa ile, Papa ameandika na crayon, kadogo kadogo: «Leo hakuna mwenye ameelewa. Na mimi ndani.»

Papa! Hakorimana mwenye hakosaka! Nilikaa chini nikaangalia ile crayon muda murefu. Sijui juu ya nini lakini nilisikia furaha sawa mutoto mwenye amekuta babake anacheza.

Alhamisi, tarehe 10 mwezi wa tatu

NIMEELEWA. Ao sehemu. Lakini sehemu kubwa!

Ilikuwa asubui, maziwa inaanza kuganda, hakuna cha kufanya isipokuwa kungoja. Nikaacha maneno ya daftari, nikakamata mufano yake tu: x mara x, unatosha moya, ni kusema unaipunguza, kiisha unagawanya na x kutosha moya. Papa anauliza: inakuwa nini x ikikaribia moya?

Ukiweka moya yenyewe, juu unapata zero, chini unapata zero. Zero kwa zero. Inakufa hapo. Nilikuwa nataka kufunga daftari. Kiisha nikajisemea: ameandika IKIKARIBIA. Hajasema ikifika.

Basi nikakamata craie, nikaandika ku ubao yenye tunaweka fromage zikauke. Nikaweka zero virgule tisa (0,9): inatoka moya virgule tisa (1,9). Nikaweka zero virgule tisa tisa: moya virgule tisa tisa. Nikaenda upande ingine, moya virgule moya: mbili virgule moya. Moya virgule zero zero moya: mbili virgule zero zero moya!

Inaenda ku mbili! Kutoka huku, kutoka kule, inaenda ku mbili! Pale ku moya yenyewe hakuna kitu, ni tundu, hakuna mutu ku nyumba — lakini njia zote zinaonyesha ile mulango! Fonction, hii hesabu ya x, haina bei pale, hakuna namba, lakini limite iko. Iko! Mbili!

Nilipiga kelele. Ngombe ya jirani ilijibu.

Jumamosi, tarehe 12 mwezi wa tatu

Somo ya kwanza ya Gisa. Alikuya na pikipiki, njo kazi yake, kubeba fromage za kupeleka Goma, nikamusimamisha mbele ya ubao.

Nikauliza: zero kwa zero ni ngapi? Akasema: zero. Nikasema hapana. Akasema: moya. Hapana. Akasema: basi ni ile papa yako anataka.

Nilimupiga na kitambaa ya maziwa. Lakini kumbe si mujinga, ni mutu wa barabara! Nilipoonyesha zile namba zinakaribia huku na kule, akakuna kichwa, akasema: "Ni sawa kilalo, ile daraja ya kule chini, yenye ubao moya imeanguka. Barabara inafika huku, barabara inafika kule, na kimo ni moya. Inakosekana tu ubao."

Nikasema: njo vile! Na ukiweka ubao?

"Napita."

Njo continue, Gisa! Fonction iko continue ku fasi fulani kama iko na bei pale, iko na limite pale, na zote mbili ni kitu moya. Ubao ikilala vizuri ku kimo ya barabara, unapita bila kuruka. Ukiweka ubao ku kimo ingine, ku tatu badala ya mbili, unaanguka.

Tulicheka mpaka fromage zikachelewa. Anaenda, anageuka, anapaza sauti: kimo ya barabara! Bamama ba soko bakamuangalia.

Jumatano, tarehe 16 mwezi wa tatu

Papa anatafuta daftari. Amefungua malle mara tatu. Amesema ni panya. Mama amesema panya hasomake hesabu. Mimi nilikula chakula haraka sana.

Ijumaa, tarehe 18 mwezi wa tatu

Eh! Eh! Eh! Sijui nianzie wapi.

Mama Adelaïde alikuya asubui. Ni yeye ananunuaka fromage zangu zote, na Gisa anamubebea mpaka Goma. Leo alikuwa na kasirani: kila fromage inapashwa kuwa kilo moya, na zangu moya inazidi, moya inapunguka, bateja banalalamika. Akaweka balance, mizani yake, ku meza. Akasema: naruhusu ukose gramme makumi tano, huku ao kule. Kupita pale, ninakurudishia.

Nikasema vizuri Mama. Najua kazi yangu: litre kumi ya maziwa inanipa kilo moya. Basi kama yeye anaruhusu gramme makumi tano, mimi naweza kukosa maziwa nusu litre, si kupita. Nilimuambia hivyo. Akasema: na nikitaka gramme kumi? Nikasema: basi nitapima maziwa, nisikose kupita moya ya kumi ya litre. "Na nikitaka gramme moya?" Ni kunichokoza tu. Nikajibu: basi nitapima na kijiko, Mama, lakini utapata—

Nikasimama. Kinywa wazi.

Ni yeye! Epsilon ni Mama Adelaïde! Yeye anakuya na kosa yenye anaruhusu, kadogo, kadogo zaidi, kadogo namna anataka — KWA KILA epsilon! — na mimi kila mara napashwa kumujibu: basi maziwa yangu isikose kupita hapa. Hiyo njo delta! Yeye anachagua, mimi najibu. Kama siku moya anasema kadogo yenye siwezi kujibu, limite hakuna. Kama nina jibu kila mara, hata aniamushe na gramme gani, limite iko!

Nilimukumbatia. Mama Adelaïde ni mutu munene na wa heshima, ni kiongozi wa bamama mu kanisa. Alisema: mutoto, ni fromage tu. Nikasema: hapana Mama, ni epsilon! Akaniuliza kama nimekula.

Kisha ameenda nilifungua daftari, ile ukurasa. Chini ya crayon ya Papa, «na mimi ndani», nikaandika: «Mimi nimeelewa!!!» Na bic. Na alama tatu za kelele.

Na bic, kalamu ya wino!! Haifutike. Nyiramahoro, uko wazimu.

Jumapili, tarehe 20 mwezi wa tatu

Leo haikuwa siku muzuri. Ao ilikuwa muzuri, kiisha ikageuka, sijui.

Tulikaa na Gisa ku majani juu ya shamba. Nilimufundisha epsilon. Naona niliongea kwa mbio sana. Nikamaliza, nikaanza mufano ingine, kiisha ingine. Akanikatiza polepole: "Nyira. Tarehe 26 ikipita, hii maneno ikiisha, utakuwa na huzuni?"

Nilipashwa kusema hapana. Nikasema: ndiyo.

Akangoa majani kidogo. Akasema hana kasirani. Akasema tu ameona mambo mawili: mimi naelewa hii kitu na yeye anaibeba tu, sawa vile anabebaka fromage — anaifikisha lakini hakuitengeneza. Na atasimama mbele ya papa yangu kujionyesha na kitu ya mwingine. Nikamuambia: hiyo si wizi, ni mimi nakupa. Akajibu: ndiyo, lakini papa yako atafikiri ni yangu.

Akaenda mapema.

Nilirudi ku nyumba, Mama alikuwa anachagua maharagi. Aliuliza bila kuinua macho: ile daftari inakusaidia? Kumbe alijua tangu siku ya kwanza! Aliona craie ku ubao za fromage. Kiisha akaniambia kitu yenye sikujuaka. Nilipokuwa na miaka kumi na ine, mwalimu wangu, Madame Euphrasie, alipanda hapa kwa miguu kuambia Papa: huyu mutoto, mumuweke section scientifique, ya hesabu. Papa alijibu machine ya kushona tayari imenunuliwa.

Nilikamata ungo, nikachagua maharagi pamoja naye. Nilitaka kulia, nikaona siwezi, juu sehemu moya ya mwili yangu ilikuwa inaruka: alipanda! Kwa miguu! Juu yangu!

Mama akasema tena, kama mutu anaongea na maharagi: batu bazima nabo banafanyaka Examen d'État ya kumaliza sekondari, benye banajifundishaka benyewe, banaitwa autodidactes. Nilicheka. Kiisha niliacha kucheka.

Jumatatu, tarehe 21 mwezi wa tatu

Gisa hakukuya kubeba fromage. Alituma mwenzake.

Jumanne, tarehe 22 mwezi wa tatu

Mwenzake tena. Fromage zote: kilo moya kamili. Mama Adelaïde ametuma salamu. Sikuwa na mutu wa kumuambia.

Alhamisi, tarehe 24 mwezi wa tatu

Amekuya! Mu mvua, matope mpaka kwa kofia, ameingia fromagerie bila kubisha:

"Nyira! Nimeona moya yenye haina limite!"

Ni barabara ya Mushaki. Mvua imekata kilima: nusu ya barabara imeshuka mita mbili, nusu imebaki juu. Alisimama pale na pikipiki, batu bote banalaani, yeye peke yake anacheka. Akasema: ukitoka Goma unafika chini, ukitoka hapa unafika juu. Hata ubao gani haitasaidia! Si tundu, ni ngazi! Upande huku inasema moya, upande kule inasema moins moya, moya chini ya zero, hazitapatana!

Nilimuruka ku shingo na matope yake yote. Aliitafuta mwenyewe! Hiyo hakuna mutu alimupa! Nikamuonyesha mu daftari: mufano wa tatu, njo hiyo hiyo kabisa, valeur absolue ya x, ni kusema x bila moins, unagawanya na x. Aliigusa na kidole, sawa mutu anaona picha yake mu nyumba ya wengine.

Kiisha akasema: "Lakini Jumamosi, siku ya posho, sitadanganya."

Saa kumi, mvua imekatika, nilirudisha daftari mu malle, chini ya koti. Sijui nilifikiri nini. Kisha dakika kumi Papa akafungua malle! Akatoka nayo ku jua, ku kiti yake. Nilikuwa nafagia. Nilifagia fasi moya tu. Alifungua, akageuza, akageuza, akasimama. Akanusa ukurasa! Akaita Mama amuletee lunettes zake za macho. Akaangalia tena, murefu. Kiisha akafunga, akauliza kama maharagi ya chini imeanza kutoa maua.

Tu hivyo.

Jumamosi, tarehe 26 mwezi wa tatu, asubui

Nimevaa kitenge mupya. Mikono inanuka maziwa hata nikisugua na ndimu. Banakuya saa ine.

Jumamosi, ile ile, mu jikoni

Naandika ku goti, haraka, bako ku salon bote bananingoja. Ngoja niseme kwa mustari.

Balifika: Gisa, baba yake Papa Byukusenge, na baba mudogo wake. Salamu, maziwa, maombi. Papa alikuwa ameegemeza tableau yake ya zamani ya shule ku ukuta. Papa Byukusenge aliiangalia sawa mutu anaona ngombe mu kanisa.

Gisa akasimama. Eh, alisema vizuri! Kilalo, ubao, kimo ya barabara. Baba mudogo wake alikuwa anaitika "njo vile, njo vile" — naye anapitaka pale! Papa hakuonyesha kitu. Akauliza: na «kwa kila epsilon», inamaanisha nini? Gisa akavuta pumzi: ni sawa vile Mama Adelaïde anakuya na kosa yenye anaruhusu, gramme makumi tano ao kumi ao moya, na wewe unamujibu na maziwa —

Papa akainua mukono.

"Mama Adelaïde ananunuaka fromage kwako?"

Gisa akaniangalia, mimi mulangoni na sahani. Nilitikisa kichwa: hapana, hapana, usiseme. Akaweka craie chini, akasema kwa heshima, sauti wazi: "Hapana, Papa. Ananunuaka kwa Nyiramahoro. Ile ya barabara ya Mushaki ni yangu, nitakuonyesha. Zingine zote nimefundishwa na yeye. Kama ni kosa, munifukuze mimi."

Papa Byukusenge akaanza kusema labda tuongee sasa juu ya ngombe — Papa akamuambia, polepole: "Ngoja kwanza, ndugu yangu. Tuko mu kazi."

Akakamata ile craie chini. Hakumurudishia Gisa. Alitembea mpaka kwangu, yeye mwenyewe akatosha sahani mu mikono yangu, akamupa Mama, akaweka craie mu kiganja yangu. Vidole yake ilikuwa baridi. Akasema: "Machine ya kushona, nilikosea." Tu maneno hayo. Mbele ya bageni! Kiisha sauti ya mwalimu ikarudia: "Sasa, sinus unajua?"

Nikasema najua, niliiona mu daftari: inapanda mpaka moya, inashuka mpaka moins moya, inapanda tena, haichokake.

Akaandika ku tableau: sinus ya moya kwa x. x ikikaribia zero, limite ni nini? Akaniangalia na akasema hii, mu miaka makumi tatu na moya, bale balijibu bila kufungua kitabu anabahesabu ku mukono moya.

Na Gisa — anacheka! Meno yote! Sawa ni yeye ameshinda!

Niliomba ruhusa kuangalia chakula. Uongo. Nilitaka karatasi.

Basi. x inakuwa kadogo: moya ya kumi, moya ya mia, moya ya elfu. Moya kwa x inakuwa kubwa: kumi, mia, elfu, inakimbia. Na sinus haichoke: inapanda, inashuka. Kila x inapokaribia, inapanda na kushuka mbio zaidi. Si tundu. Si ngazi, hakuna fasi imekatika. Inatetemeka tu, ku moya, ku moins moya, ku moya... Ubao niweke ku kimo gani? Ku zero? Inapita zero na haikae. Ku nusu? Nayo inapita. Mama Adelaïde akisema naruhusu nusu tu — siwezi kumujibu! Hata nikaribie namna gani, iko bado inaruka mpaka juu na mpaka chini! Basi haina! Haina li— ao naruka hatua moya? Papa aliuliza «ni nini», hakusema «iko ao haiko». Ni mutego? Ni mutego, anataka nitafute kitu yenye haiko!

Maharagi inaungua. Mama ameingia, ameona naandika, amekamata mwiko bila neno. Papa anaita: "Nyiramahoro! Umepata ao tuongee ngombe?"

Nasikia Papa Byukusenge anamuambia: hapana, hapana, ndugu, muache mutoto afikiri.

Nakuya, Papa! Nakuya na jibu!